Proxmox VE katika seva ya ushirika wa zabibu: tathmini ya udhibiti wa usingizi wa prosesa

Ninatunza seva ya chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa zabibu huko Hombolo, kaskazini-mashariki mwa jiji la Dodoma. Ni kompyuta ndogo iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, ikasakinishwa Proxmox VE, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu) kadhaa ndani ya kompyuta moja halisi, na ndani yake zinafanya kazi mashine pepe tatu: ya stakabadhi za mizani, ya hesabu za wanachama na ya nakala rudufu. Tathmini hii inahusu sehemu moja tu ya programu hiyo, nayo ni namna inavyomwezesha msimamizi kuizuia prosesa isizame katika usingizi mzito, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo iliyoamua kama chama kingeendelea na programu hii au kingeiacha.

Wakati wa mavuno, magari yakiwa yamepanga foleni mizanini kutwa nzima, seva haikusimama hata mara moja. Mavuno yalipokwisha na ofisi ikabaki na kazi chache, tukaanza kuikuta asubuhi imeganda: taa inawaka, feni inazunguka, lakini haijibu kwenye mtandao wala kwenye skrini, na kumbukumbu zake zimekatika usiku wa manane bila kosa lolote kuandikwa. Tulishuku umeme, tukabadilisha UPS. Tukashuku joto la chini ya paa la bati, ilhali hitilafu ilitokea saa za baridi. Mtambo ulio mzima ukiwa kazini na unaoganda ukiwa umepumzika unamtaka fundi aangalie hali za usingizi za prosesa kabla ya kununua kifaa chochote kipya.

Hali hizo huitwa hali za C. C0 ni prosesa iliyo kazini. C1 ni kusimama kwa muda mfupi tu. Na kadiri namba inavyopanda, ndivyo sehemu nyingi zaidi za prosesa zinavyozimwa, umeme unavyopungua na muda wa kuamka unavyorefuka. Katika jedwali la intel_idle, kiendeshi cha Linux kinachosimamia usingizi wa prosesa za Intel, kwa prosesa za Skylake za mwaka 2015, kutoka C1 kunakadiriwa kuwa maikrosekunde 2, kutoka C6 ni 85, na kutoka C10 ni 890. Kwa kawaida ucheleweshaji huo hauonekani kwa mtumiaji, lakini zipo prosesa na bodi ambazo hazirudi salama kutoka katika usingizi huo. Watumiaji wa Linux wenye prosesa za Intel za Bay Trail walilijua jambo hili kwa miaka mingi, na dawa yao ilikuwa mpangilio uleule nitakaoueleza hapa.

Sifa ya kwanza ninayoipa Proxmox VE ni kwamba imejengwa juu ya Debian, ambayo ni aina ya Linux, na KVM, inayoendesha mashine pepe, bila kukificha kilicho chini yake. Niliingia kwenye seva kama msimamizi, nikafungua folda ya /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpuidle, nikasoma jina la kila hali, muda wake wa kuamka na idadi ya mara ilizotumika, kisha nikazizima zile nzito kwa kila kiini (core) cha prosesa kwa kuandika 1 katika faili la disable, huku mashine pepe zote zikiendelea na kazi. Jaribio la namna hii hufutika seva ikiwashwa upya, kwa hiyo halina hatari ya kudumu. Seva ilipovuka usiku mwingi mfululizo bila kuganda, nikauweka mpangilio wa kudumu, yaani intel_idle.max_cstate=1 na processor.max_cstate=1 katika mstari wa amri wa kerneli (maagizo ambayo kerneli, moyo wa Linux, huyasoma inapowaka).

Mpangilio huu huwekwa kwenye seva mama, yaani kompyuta halisi inayobeba mashine pepe. Ukiuandika ndani ya mashine pepe haubadilishi kitu, kwa kuwa mashine pepe inapoomba kupumzika, ni kerneli ya seva mama inayoamua prosesa halisi ilale kwa kina gani. Vilevile, kuandika intel_idle.max_cstate=0 si kupiga marufuku usingizi, bali ni kukizima kiendeshi cha intel_idle na kuliacha jambo mikononi mwa kiendeshi kingine, acpi_idle, ambacho nacho kinaweza kuilaza prosesa kwa kina kikubwa.

Upungufu wa programu upo katika njia ya kufikia hapo. Ukurasa wake wa usimamizi, ambao kwa mambo mengine ni mzuri sana, hauna sehemu ya kuchagua kina cha usingizi, wakati ESXi, programu shindani ya VMware, humwezesha msimamizi kuchagua sera ya nishati katika ukurasa wake. Zaidi ya hapo, mahali pa kuandika hutegemea programu inayouwasha mfumo wa seva: kwa GRUB unahariri /etc/default/grub na kuendesha update-grub, lakini kwa systemd-boot, inayotumika mara nyingi katika seva za UEFI (mrithi wa baiosi, programu ya msingi ya bodi) zenye ZFS (mfumo wa kuhifadhi mafaili), unahariri /etc/kernel/cmdline na kuendesha proxmox-boot-tool refresh. Anayekosea faili anaweza asigundue kosa lake, akaamini kwamba dawa haifanyi kazi kumbe haijanywewa. Thibitisha kwa kusoma /proc/cmdline baada ya kuwasha upya.

Gharama ipo, nayo ni umeme na joto. Kila wati moja ya ziada inayotumika usiku na mchana ni yuniti 8.76 kwa mwaka, hivyo wati 10 ni yuniti 87.6, na UPS nayo itadumu muda mfupi zaidi umeme ukikatika. Baadhi ya prosesa pia hupoteza sehemu ya kasi ya ziada ya kiini kimoja, kwa sababu viini vingine havilali vya kutosha kukiachia nafasi. Kwa chama ambacho mkulima analipwa kwa kutegemea stakabadhi ya uzito, ninaona gharama hiyo ni halali. Kwa seva isiyo na hitilafu nisingeuweka mpangilio huu kabisa, na hata penye hitilafu ningeanza kwa kusasisha baiosi, kisha kuzima hali nzito zaidi peke yake, kabla ya kushuka hadi C1.

Chama kimeamua kubaki na Proxmox VE bila huduma ya kulipia, ambayo hutozwa kwa mwaka kwa kila soketi ya prosesa. Nimeubandika mstari wa amri wa kerneli kwenye karatasi ndani ya kabati la seva, ili atakayeisimika upya asiuache nje.