Rimu imeandikwa gramu 80, mizani ya Mangi inasema vingine

Nina hasira, na hasira zenyewe nimelala nazo nikaamka nazo. Kama una duka la steshenari na unafanya biashara yako kwa uaminifu, haya hayakuhusu. Yanamhusu kijana mmoja wa duka moja Kariakoo, silitaji, anajijua, aliyeniambia mbele ya wateja: "Mama, karatasi ni karatasi tu."

Nasimamia ofisi ya SACCOS ndogo hapa Dar. Kipindi cha masika tulikuwa tunaandaa makabrasha ya mkutano mkuu: taarifa ya fedha, taarifa ya kamati ya usimamizi, orodha ya akiba na mikopo, yote ya kutoa pande mbili. Mhasibu wetu, mtu wa kubana senti mpaka ilie, alipata mahali rimu za karatasi zinauzwa bei chee. Likaletwa boksi. Kwa nje kila kitu kizuri: A4, gramu 80, na picha ya karatasi nyeupe mpaka inaumiza macho.

Printa yetu ni ya leza, mzee wa kazi, haijawahi kutusumbua. Siku hiyo ikagoma. Upande wa kwanza unatoka safi kabisa. Karatasi ikivutwa kurudi ndani ipigwe upande wa pili, unasikia krr, taa ya chungwa inawaka, unafungua mlango wa nyuma, unaunguza vidole, unachomoa kitu kimekunjwakunjwa. Unafunga. Unaanza upya. Kurasa mbili zinapita, ya tatu inakwama. Zile zilizobahatika kutoka zimejiviringisha kama ganda la mdalasini, hata kuzipanga ili uzibane pini ni ugomvi. Na maandishi yana mabaka: jina la mwanachama linasomeka, akiba yake imefifia katikati. Hebu mpelekee mstaafu kabrasha ambalo akiba yake imefutika nusu, uone kama mkutano utafika kwenye ajenda ya pili.

Tukamwita fundi. Nilijua atasema nunua rola mpya, maana hilo ndilo jibu lao kwa kila kitu. Akafungua, akapitisha kidole kwenye rola ya kuvutia karatasi, akanionyesha vumbi jeupe. "Dada, mashine yako haiumwi. Inalishwa vibaya." Vumbi lile ni la karatasi iliyokatwa ovyo kiwandani, likijaa kwenye rola, rola inateleza, inashindwa kuvuta. Akasafisha. Kisha akachukua karatasi moja kutoka kwenye trei, akaishika shika, akaniambia ina maji.

Nikamwona ananitania. Hakuwa anatania. Karatasi hutoka kiwandani na unyevu kidogo tu, kama asilimia 4 au 5 ya uzito wake, na kile kifungashio cha rimu kina utando kwa ndani wa kuzuia hewa yenye maji. Watu tunadhani ni pambo. Ndani ya printa ya leza kuna mahali tona, ule wino wa unga, inayeyushwa ili ishike, na joto la pale linakaribia nyuzi 200. Maji yanachemka kwa nyuzi 100. Karatasi iliyokunywa hewa ya masika ya Dar ikipita hapo, unyevu unaruka, unaruka upande mmoja kuliko mwingine, karatasi inajikunja. Ikirudi kwa safari ya pili kichwa kimeshainuka, haiingii njiani. Na mabaka yale? Tona huhamishwa kutoka kwenye dramu, ile silinda ya ndani inayochukua picha ya maandishi, kwenda kwenye karatasi kwa nguvu ya umeme tuli, na karatasi yenye maji haiushiki umeme huo vizuri. Ndiyo maana akiba za watu zilikuwa zinafutika.

Akachana moja kwa urefu, ikachanika imenyooka. Akachana kwa upana, ikaenda upogo. Akasema nyuzi zake zimelala kwa urefu kama inavyotakiwa, hapo hawakukosea. Haya, tuwape hilo.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinanisumbua mkononi. Rimu zile zilikuwa nyepesi. Nikachukua moja ambayo haijafunguliwa, nikavuka barabara hadi dukani kwa Mangi, nikamwomba mizani yake ya sukari. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Gramu 80 maana yake ni uzito wa mita moja ya mraba. A0 ndiyo mita moja ya mraba, ukiikata nusu mara nne unapata A4 kumi na sita. Kwa hiyo A4 moja ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Mizani ikasema kilo 2.2 na ushee, tena pamoja na kifungashio. Nikampa binti aliye field kwetu ahesabu karatasi moja moja. Zilikuwa 500 kamili. Basi hawakuiba idadi, waliiba unene. Hiyo ni karatasi ya gramu 70 iliyovalishwa jina la 80.

Na ule weupe uliomvutia mhasibu? Tunayo dirishani taa ya kukagulia noti. Nikaiweka karatasi chini yake, ikawaka bluu. Ni dawa ya kung'arisha waliyoitia, ndiyo inayoifanya ionekane nyeupe kuliko nyeupe. Si kosa, karatasi nyingi za ofisi zinatiwa. Ila mtu asikuuzie weupe akakuambia ni ubora. Weupe hauvuti karatasi ndani ya mashine.

Nikabeba rimu mbili nikarudi Kariakoo.

Sikwenda kwa shari, nawaapia. Nilimsalimia, nikamweleza taratibu. Kijana yuko na simu yake. Nikamwuliza rimu hii ni gsm ngapi, yaani gramu kwa mita ya mraba, kweli kweli. Akacheka, akamgeukia mwenzake: "GSM? Si wale wanaodhamini Yanga?" Wateja wakaangua kicheko. Nikampa hesabu ya kilo mbili na nusu. Ndipo akanipa ile ya karatasi ni karatasi tu, akaongeza kwamba printa yangu ndiyo mbovu, na kama nataka za kung'aa zaidi nikanunue Ulaya. Kisha akanyoosha kidole ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Hakuipima. Hakuigusa hata. Mtu unauza karatasi kutwa kucha, mizani huna, na hutaki kuiona ya mwenzako!

Wakati natoka, mpagazi wa pale akanichukulia zile rimu hadi kituoni. Njiani akaninong'oneza: "Dada, siku nyingine waambie wakupe za ndani. Za mlangoni zilinyeshewa, wamezianika." Nikageuka kutazama. Maboksi yamepangwa juu ya sakafu ya saruji, mlangoni kabisa, mengine vifungashio vimechanika kwenye kona.

Sasa niseme nyota ngapi. Nilikusudia moja. Lakini nitasema ukweli hata kama unanikera. Gramu 70 si dhambi, printa nyingi za leza zinaipokea bila neno, na kwa barua za upande mmoja inatosha sana. Rimu moja ilibaki, kifungashio kizima, nikaiweka chumba cha keshia chenye AC. Baada ya wiki kadhaa nikaijaribu kwa stakabadhi na barua. Haikukwama. Pande mbili sikuijaribu, moyo ulikataa. Kwa hiyo kama inauzwa kwa jina lake na bei yake, imehifadhiwa pakavu, ningeinunua tena. Nyota tatu basi.

Tatu! Wakati makabrasha tuliishia kuyatoa kwa mtu wa nje usiku, kwa karatasi yake, na gharama yake ikameza senti zote alizobana mhasibu na nyingine juu? Wakati mtu amenicheka na Yanga yake? Hapana. Aliyeandika 80 juu ya 70 alijua anachofanya, na aliyeiuza mbichi alijua pia.

Siku hizi nanunua kwa mama mmoja wa jumla, ghali kidogo, ana mizani mezani na hanuni nikimwomba aiweke rimu juu. Duka lile nalipatia nyota moja na nusu. Ile nusu ni ya mpagazi, na hela ya kubeba aliikataa.