Nani Anabeba Hatia? Uchambuzi wa Riwaya ya Jesmyn Ward

Watazamaji wapendwa, kitabu ninachokichambua leo ni Sing, Unburied, Sing cha mwandishi Mmarekani Mweusi Jesmyn Ward, kilichotoka mwaka 2017 na kushinda Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mwaka huohuo. Kwa ushindi huo Ward akawa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo mara mbili kwa kazi za kubuni. Nitalazimika kuifichua siri ya mwisho, kwa kuwa uzito wote wa riwaya uko pale. Asiyetaka kuijua mapema aisimamishe video hapa, asome kwanza.

Hadithi inatokea Mississippi, jimbo la kusini mwa Marekani. Jojo, mvulana wa miaka 13, analelewa na babu na bibi yake, kwa sababu mama yake, Leonie, amezama katika dawa za kulevya. Baba yake, Michael, ni mzungu anayemaliza kifungo katika gereza la Parchman, na safari ya kwenda kumchukua ndiyo inayokiendesha kisa. Gereza hilo lipo kweli. Lilianzishwa mwaka 1901 katika mashamba makubwa ya jimbo, na kwa miongo mingi wafungwa, wengi wao weusi, walilimishwa pamba huku wakilindwa na wafungwa wenzao waliokabidhiwa bunduki.

Babu yake Jojo, wanayemwita Pop, alifungwa humo akiwa kijana mdogo, na humo alikutana na Richie, mtoto wa miaka 12 aliyefungwa kwa kuiba chakula. Miaka mingi baadaye Pop humsimulia mjukuu wake habari za Richie, lakini kila anapokaribia mwisho hunyamaza. Mwisho wenyewe ni huu: Richie alitoroka pamoja na mfungwa mwingine, kundi la wazungu likamkamata yule mwenzake na kumkatakata angali hai, na Pop, akijua kwamba mtoto ndiye anayefuata, akamuua kwa kisu, kwa mkono wake mwenyewe, ili asife kifo kama kile.

Hapa ndipo Ward anaponigusa kuliko waandishi wengi wanaoandika juu ya rangi na toba. Aliyemuua Richie kwa huruma ndiye anayezeeka akiona damu isiyotoka mikononi, ilhali kundi lile halimo kabisa katika simulizi la majuto. Ndivyo ilivyo pia kwa Given, kaka yake Leonie, aliyepigwa risasi na binamu yake Michael kwa sababu ya dau la kuwinda: jamaa za muuaji walikubaliana kuyaita mauaji hayo ajali ya mawindo, na ni Leonie anayeandamwa na sura ya marehemu kila anapotumia dawa. Nimesoma riwaya ambamo mhusika mzungu hulia, husamehewa na mtu mweusi mwenye subira, na msomaji akafunga kitabu akiwa ametulia. Ward amekataa kutuuzia utulivu huo. Hata Pop anapokiri mbele ya Jojo, mzimu wa Richie, ambao umengoja kusikia jinsi ulivyokufa, haupati amani, unapiga mayowe.

Kasoro ninayoiona ni ya sauti. Wasimulizi ni watatu, Jojo, Leonie na Richie, lakini wote wanazungumza kwa lugha nzito ya kishairi inayokaribiana mno, na hasa kwa Leonie nilitamani kusikia maneno makavu zaidi, ya mwanamke aliyechoka na mwenye hasira. Lahaja ya kusini nayo itamtaabisha msomaji aliyezoea Kiingereza cha shuleni.

Hata hivyo kinunueni, wala si kwa ajili ya watoto, kwa maana ukatili wake hauna pazia. Mkishamaliza, rudieni sura ya kwanza, ambamo Pop anachinja mbuzi na Jojo anajikaza aonekane mwanamume, kisha anakimbilia nje kutapika. Mara ya kwanza ni tukio la nyumbani tu. Mara ya pili mtajua kisu kiliwahi kumfanyia mzee yule nini.