Thirteen Reasons Why: nimekisoma mpaka mwisho, na kweli nimo

Kitabu hiki sikukinunua, nilikinyang'anya. Kidato cha Tatu, kipindi cha mchana, joto la Tanga mnalijua, darasa zima linasinzia isipokuwa dawati moja la nyuma ambako wasichana watatu wameinamisha vichwa. Nikadhani ni simu. Kumbe rundo la fotokopi, limepigwa stepla tatu na kuzungushiwa selotepu mgongoni, jalada lake manila. Nikanyoosha mkono. Mmoja wao, binti mpole ambaye sijawahi kumsikia akimjibu mtu, akanikabidhi kwa mikono miwili na kuniambia taratibu: "Samahani mwalimu, ukianza usiishie njiani. Wewe umo humo." Wenzake wakacheka ndani ya viganja.

Nimekisoma. Nimo. Na haya nayaandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetafuta mapitio ya upole asinilaumu.

Kwa ambaye hakijui: ni riwaya ya vijana ya Mmarekani Jay Asher, ya mwaka 2007. Binti wa sekondari, Hannah Baker, amejiua. Kabla ya hapo alirekodi kaseti saba akieleza nani alimfanyia nini, na kila aliyetajwa anatakiwa azisikilize zote kisha ampelekee anayefuata. Zinamfikia kijana Clay Jensen ndani ya boksi la viatu, naye anazisikiliza kwa usiku mmoja huku anazunguka mji. Wasimulizi ni wawili basi. Sauti ya Hannah, na mawazo ya Clay yanayoidakia katikati.

Kitabuni maneno ya Hannah yamechapwa kwa herufi zilizolala, ya Clay zimesimama. Sasa ile fotokopi yangu ilikuwa kopi ya kopi ya kopi, wino umekwenda na maji, zilizolala na zilizosimama zote zimekuwa ukungu mmoja. Nusu ya kitabu sikujua nani anasema. Nasoma mtu anajilaumu, namhurumia Clay, narudi juu nakuta alikuwa Hannah. Huyo mwenye mashine, popote alipo, Mungu anamwona.

Lakini hilo ni la mashine. Langu na mwandishi ni hili: kwa nini Clay? Katika orodha yeye ni wa tisa, na zamu yake ikifika Hannah mwenyewe anakiri kwamba jina lake halistahili kuwamo. Kamtia tu kwa sababu kisa kisingekamilika bila yeye. Yaani katika wote wale mwandishi kamchagua asiye na kosa ndiye atusimulie. Ni kama kuitwa kwenye baraza la wazee kusuluhisha ugomvi wa nyumba, halafu anayepewa nafasi ya kusema ni jirani aliyekuwa safarini Pemba siku ya ugomvi. Msomaji anajibanza ndani ya Clay, analia naye, anafunga kitabu na mikono yake safi kama ya mtu aliyetoka kutawadha. Nani anajibanza ndani ya Justin Foley, aliyeanzisha uvumi wa kwanza? Hakuna.

Na siyasemi haya hewani. Katika wale wasichana watatu, mmoja ndiye aliyemtungia mwenzake jina la kejeli, jina likaenea mabweni na madarasa, mpaka mtoto wa watu akawa anaonekana shuleni siku za mitihani tu. Huyo huyo nilimkuta ana macho mekundu kwa ajili ya Hannah. Moyoni mwake yeye ni Clay. Kitabu kimemruhusu.

Halafu sauti ya Hannah yenyewe, na hapa mtu wa Tanga ana la kusema. Mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star haufundishwi kaseti ni nini. Za mama yangu zilikaa kwenye kopo la biskuti, na utepe ukilegea kazi yangu ilikuwa kuchomeka kalamu ya Bic kwenye lile tundu lenye meno na kuzungusha polepole, ukiharakisha unakunjamana na mama anakusikiza wewe badala ya wimbo. Kumsema mtu kwa sauti iliyopambwa tunakujua vilevile. Ila mafumbo ya taarabu yana adabu zake. Jina halitajwi, mwenye kujijua atajijua. Na anayesemwa yupo ukumbini: ubeti unaofuata anaweza kuinuka kwa madaha, akaenda kumtunza mwimbaji, noti anaipeperushia usoni pa mbaya wake, ukumbi wote ukajua kashajibu. Hannah ametaja majina yote, kisha akaondoka pasipo kuachia mtu nafasi ya kuinuka. Clay anabishana naye usiku kucha, anamsihi, anamwambia ungenieleza, na kaseti inazunguka tu. Marehemu ndiye mwenye maikrofoni.

Hiyo ndiyo inayonitisha mimi mwalimu. Hannah akiwa hai hakuna aliyemsikiliza. Amekufa, wote wananyamaza kumsikia, na yeye ana akili, ana mzaha, amepanga kila kitu. Mtoto aliyeumizwa akisoma hivyo atadhani kufa ni njia ya kusikilizwa. Ni uongo. Nimebeba majeneza kwenda makaburini, nimekaa matanga, nayajua. Aliyelala hajui nani alilia na nani alikuja kwa ajili ya pilau. Siku ya tatu turubai linakunjwa, viti vinarudishwa kwa mwenyewe. Hata wale Netflix walioufanya mfululizo wa televisheni mwaka 2017 walikuja kulikata tukio la kifo chake mwaka 2019, baada ya malalamiko mengi, kwa hiyo siko peke yangu katika woga huu.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshakipa nyota mbili. Ndipo nikakutana na Porter.

Bwana Porter ni mwalimu wa Kiingereza aliyeshikishwa nafasi ya mshauri wa wanafunzi. Ndiye wa mwisho kwenye kaseti. Hannah anaingia ofisini kwake na kinasa sauti amekificha, anampa nafasi ya mwisho bila kumwambia kwamba ndiyo ya mwisho. Porter anauliza hiki, anauliza kile, mwishowe anamwambia kama hawezi kumkabili kijana aliyemtendea ubaya basi pengine asahau, aendelee na maisha. Binti anatoka, anasikilizia kama atafuatwa. Hafuatwi.

Nilikirusha kitabu kitandani. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Siku moja kwenye kikao mkubwa wetu alizungusha macho mezani akasema, "Ushauri nasaha ashike huyu, ana maneno mengi." Watu wakacheka, jina langu likaandikwa. Mafunzo niliyopata ni semina ya siku moja, chai na chapati mbili. Meza yangu iko kati ya mwalimu wa fizikia na mlango wa stoo ya majembe. Mtoto akitaka kunieleza siri yake lazima asubiri wapite wenye kufuata fyekeo. Nina vipindi ishirini na nane kwa wiki. Na mwandishi anamweka mtu kama mimi kwenye kaseti ya mwisho, anarekodiwa kwa hila, hapewi hata aya moja ya kusema yake! Nikasema huyu ndiye angekuwa msimulizi. Mpe Porter nafsi ya kwanza, tuone jioni ile alikwenda nyumbani na nini kifuani.

Nikaanza kuitunga. Kweli, nilichukua daftari. Porter wangu ana mafaili ya kujaza. Porter wangu ana mkuu asiyesikia la mtu. Porter wangu hakupewa chumba. Nilipofika ukurasa wa tatu nikatafuta Hannah yuko wapi, simwoni. Kila mstari ulikuwa kwa nini haikuwezekana.

Kuna binti mwingine, si hao watatu. Ilikuwa wiki ya kufunga shule, najaza ripoti. Akaja akasimama ubavuni mwa meza. "Mwalimu, una nafasi?" Nikamjibu bila kuinua kichwa: "Ya kitabia au ya masomo?" Akachukua mfuniko wa kalamu yangu nyekundu, akauzungusha vidoleni, akausimamisha wima mezani kwa uangalifu kama anayepanga kete. "Basi mwalimu, nitakuja." Ule mfuniko naukumbuka kuliko sura yake. Shule ilipofunguliwa akawa amehamia kwa shangazi yake Muheza. Nimeulizia, yu hai, anasoma, alhamdulillahi. Alichokuwa amekuja nacho sijakijua mpaka leo.

Ya kitabia au ya masomo. Mtu mzima na digrii yake.

Sasa Clay namwona vingine kidogo, ingawa roho inakataa. Yeye kaweza kusikiliza kaseti zote usiku mmoja kwa sababu hana kesi ya kujitetea kila mstari. Mimi ningeizima kaseti ya kwanza nikaanza kueleza. Hata hapa, angalieni wenyewe nimewazungusha aya ngapi, mashine ya kopi, taarabu, Netflix, kabla sijamtaja huyo binti.

Nyota nne? Hapana. Yule mtunga majina bado analala usingizi wake akiwa Clay, na kitabu hakijamgusa. Tatu. Leo tatu, kesho sijui. Na asipewe mtoto akakisoma peke yake chumbani. Akae mtu mzima karibu, tena mtu mzima ambaye hatauliza lile swali langu.

Kitabu nimekirudisha. Kabla ya kukirudisha nilikaa jioni mbili na kalamu nyekundu nikipigia mstari maneno ya Hannah, ukurasa kwa ukurasa, ili atakayefuata ajue nani anasema. Pengine nilibahatisha. Yule binti mpole akakipokea mezani kwangu, akafunua huku na huku, akatua mahali.

"Hapa umekosea mwalimu. Huyu siye Hannah, huyu ni Clay."

Nikavuta kiti cha mwalimu wa fizikia, nikamwambia akae anioneshe.