Mahakama ya rufaa ya kesi za serikali au ya kesi zote: Pennsylvania na New Jersey

Tangu 1970 Pennsylvania, Marekani, ina Commonwealth Court: majaji 9 wanaosikiliza hasa kesi zinazoigusa serikali, kama mafao ya waliopoteza ajira, fidia za walioumia kazini na migogoro ya vibali vya ujenzi. New Jersey, jirani yake, hupeleka rufaa za jinai na za leseni mahali pamoja, Appellate Division, yaani kitengo cha rufaa cha mahakama yake.

Kwa ubobezi, Pennsylvania inaongoza, tena kwa mbali. Lakini usitegemee kesi ianze upya: majaji huangalia kama bodi ya serikali iliyoamua kwanza ilikuwa na ushahidi wa kutosha na kama ilifuata sheria. Shahidi ambaye hukumleta kule chini, hapa humleti.

Muda wa kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa idara ya serikali ni siku 30 Pennsylvania, 45 New Jersey. Kwa asiye na wakili, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Kesi yako ikiwa ya fidia ya kuumia kazini pekee, mfumo wa Pennsylvania utakufaa. Ikichanganya madai binafsi na ya serikali, wa New Jersey hukuepusha na ubishi wa mahakama ipi inahusika.