Mkaguzi wa miti niliyemwita aangalie mwaloni wetu, kazi yake naikubali

Wadau mlioko Uingereza wenye mti mkubwa uani, hii inawahusu. Mwaloni wetu, yaani oak, uko nyuma ya nyumba, huku kusini mwa England, ni ile aina ya Quercus robur ambayo matunda yake yananing'inia kwenye vikonyo virefu, na kiangazi hiki ukaanza kutoa majimaji meusi kwenye nyufa za gome, yanachuruzika mpaka chini. Kampuni ya kwanza kuja, jamaa hata hakuugusa mti, kasema umekwisha huo ukatwe tu, na bei ya kukata akaitaja palepale. Huyu wa pili ndo nataka kumsifia. Ni mtaalamu anayejitegemea, kazi yake kukagua na kuandika ripoti basi, hakati miti wala hauzi mbao, kwa hiyo mti ukianguka au ukibaki yeye hapati kitu cha zaidi, na kwangu mimi hilo ndo la kuuliza kabla hujamlipa mtu hata senti.

Alianzia kwenye mizizi. Kazunguka shina lote anagonga na nyundo ya plastiki huku anasikiliza, kufika upande wa kaskazini sauti ikabadilika, ikawa nzito kama ya ngoma, akaniambia hapa ndani pana uwazi. Nikaishiwa nguvu. Akanituliza, akanieleza kwamba katikati ya shina ni mbao iliyokufa zamani, maji yanapandishwa na tabaka changa la nje, kwa hiyo mwaloni unaweza kuliwa na fangasi ndani ukabaki mtupu na bado ukaishi miaka mia na zaidi, cha kuangalia ni ukuta uliobaki una unene gani.

Kuhusu yale majimaji alichukua muda, na hapa ndo hela yangu niliona imefanya kazi. Kuna ugonjwa wa kudhoofika kwa mialoni unaosumbua sana England, bakteria kama Brenneria goodwinii wanaozesha gome kwa ndani, na mara nyingi kwenye miti hiyohiyo unakuta mbawakawa mdogo anaitwa Agrilus biguttatus, funza wake wanachimba njia chini ya gome. Akatoa lenzi akanionyesha tundu alilotokea mdudu mzima, dogo la milimita tatu hivi, upande mmoja limenyooka na upande mwingine limepinda, yaani herufi D kabisa. Mti ukizidiwa unaweza kufa ndani ya miaka 4 mpaka 6, lakini ipo inayoziba vidonda vyake ikaendelea, na inategemea sana mti wenyewe una nguvu kiasi gani.

Na wetu nguvu zilikuwa zinaibiwa chini. Waliokaa hapa kabla yetu walikuwa wanapaki magari chini ya matawi, udongo umeshindiliwa mpaka hewa na maji havipiti, wakati mizizi midogo inayonyonya iko juujuu tu. Dawa aliyoandika ni rahisi mno: magari yasisogee pale, tandaza vibanzi vya mbao unene wa sentimita 5 mpaka 10 na visiguse shina, mbolea usiweke. Viatu na vifaa vyake alivisafisha kabla ya kuondoka, kitu ambacho yule wa kwanza hakukiwaza.

Tawi kubwa lililokauka upande wa uzio akasema liachwe kwa sababu halipo juu ya njia ya watu. Kigong'ota katoboa mashimo humo, na popo wakiingia kwenye mashimo hayo sheria inawalinda, huwezi kuwabughudhi hivi hivi. Kumbe mwaloni unahusiana na viumbe kama 2,300 hapa Uingereza, kuanzia ndege mpaka kuvu, na wengi wanaishi kwenye mbao zilizokufa! Ule unga mweupe kwenye majani nao nilikuwa naupa presha, ni ukungu tu, mti mzima unauvumilia, miche ndo inaumia.

Nampa nyota nne. Moja naikata kwa ripoti, ilichelewa kuliko alivyoahidi na ilijaa lugha ya kitaalamu, ikabidi nimpigie anifafanulie, ingawa kwenye simu alikuwa mvumilivu sana. Bei ilikuwa chini ya gharama ya kukata hata nusu ya matawi. Kama mti wako umewekewa ulinzi wa kisheria na halmashauri, mwambie mkaguzi mapema, maana ruhusa ya kupogoa inaweza kuchukua wiki 8 na kukata bila ruhusa ni kosa la jinai. Muite wakati majani yapo, maana baridi ikishaingia na matawi yakiwa matupu, kujua mti umedhoofika kiasi gani inakuwa kazi. Sisi atarudi kiangazi kijacho kulinganisha picha za nyufa zilezile.