Kendrick Lamar kwenye banda la video Mwanjelwa: picha inaridhisha, sauti inaua ujumbe

Kiingilio ni shilingi 1,000. Kwa hela hiyo unapata mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza, na kabla ya mpira kuanza unawekewa dakika 13 za onyesho la rapa wa Marekani Kendrick Lamar la mapumziko ya Super Bowl, fainali ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani. Onyesho lenyewe lilifanyika New Orleans tarehe 9 Februari 2025. Kwetu ilikuwa imeshapita saa 10 alfajiri ya Jumatatu na mabanda yote yamefungwa, kwa hiyo kinachooneshwa hapa ni video ya mtandaoni. Hilo si kosa. Makosa yapo kwenye namna inavyooneshwa, na karibu yote yanarekebishika bila kununua kitu.

Picha kwanza, maana hapo banda linafaulu. Projekta imefungwa juu vizuri, kitambaa kimevutwa hakina mikunjo, na mtu wa benchi la nyuma anaona. Onyesho hili lilipangwa kwa ajili ya kamera ya juu, hivyo skrini kubwa inalitendea haki kuliko simu. Jukwaa limechorwa kama pedi ya gemu: mraba, pembetatu, duara na msalaba. Vijana wanaoshinda kwenye vibanda vya gemu hulitambua hata kabla Kendrick hajashuka kutoka juu ya gari. Gari hilo ni Buick GNX nyeusi, na wacheza dansi wanavyomiminika kutoka ndani yake, banda zima hucheka na kuanza kuhesabu, kama abiria wanaoshuka kwenye Noah ya kwenda Tukuyu.

Kisha inakuja bendera. Wacheza dansi wamevaa nyekundu, nyeupe na buluu. Wanajipanga wameinama mpaka migongo yao inakuwa bendera ya Marekani, halafu inapasuka katikati na Kendrick amesimama kwenye ufa. Wote ni watu weusi. Hapa ndipo banda hunyamaza, na ndipo mipangilio ya projekta inapoharibu: rangi zimepandishwa mno ili nyasi za uwanja wa mpira zing'ae, basi nyekundu inavuja na migongo inageuka doa moja. Kurudisha rangi kwenye hali ya kawaida ni kazi ya nusu dakika kwa rimoti. Jambo la pili, picha imevutwa ijaze kitambaa, kingo zinakatwa. Kwenye majukwaa ya watazamaji kulikuwa na maandishi ya taa, likiwemo onyo kwamba njia hiyo siyo. Maandishi hayo ni sehemu ya onyesho, na ukiikata picha umeyapunguza.

Sauti ndiyo inayouma. Sabufa limewekwa chini karibu na mlango na besi imefunguliwa mpaka mwisho. Kwa Singeli inapendeza. Kwa mtu anayerap kwa kasi ile, maneno yanazama. Besi ishushwe hadi karibu nusu, spika ndogo zipandishwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, zitazame mabenchi na siyo ukuta. Halafu kuna mvua. Masika ya Mbeya yakipiga kwenye bati tupu, hakuna sabufa litakaloshinda, na kuongeza sauti kunaleta mkwaruzo tu. Mabanda yaliyopigilia silingibodi, hata upande wa mbele peke yake, yanasikika tofauti kabisa. Na kijana wa maiki asitangaze mechi zijazo wakati mwigizaji Samuel L. Jackson anaongea!

Huyo Jackson ndiye ufunguo, na bila kumsikia huelewi kwa nini Marekani walibishana. Amevaa kama Mjomba Sam, yule mzee wa kofia ndefu anayesimama badala ya taifa la Marekani. Anamkaripia Kendrick kwamba kelele zimezidi, uhuni umezidi. Mwimbaji SZA anapoingia na nyimbo mbili za taratibu, mzee anafurahi, hicho ndicho anachokitaka. Punde tu Kendrick anaangusha Not Like Us, wimbo uliompiga vijembe rapa mwenzake Drake na uliokuwa umebeba tuzo 5 za Grammy wiki moja kabla. Mjomba mweusi anayemtaka kijana mweusi atulie ili akubalike: Wamarekani weusi humwita mtu wa namna hiyo Mjomba Tom, na mzaha wa majina hayo mawili ndio uti wa mgongo wa onyesho lote. Siku hiyo Rais Trump alikuwa uwanjani.

Mtu wa Mbeya hahitaji kuambiwa kwamba rapa anaweza kuongea siasa. Mji huu ulimpeleka Sugu bungeni mwaka 2010, ukamrudisha 2015. Kinachohitaji maelezo ni alama, na mojawapo inaingia kwa urahisi wa ajabu hapa nyanda za juu: ekari 40 na nyumbu, yule chotara wa punda na farasi. Kendrick anaitaja akisema jambo hili ni kubwa kuliko muziki. Januari 1865 Jenerali Sherman alitoa amri ya kuwagawia watumwa walioachwa huru mashamba ya hadi ekari 40 kila familia, na mwaka huohuo Rais Andrew Johnson akairudisha ardhi kwa wenyewe wa zamani. Mwambie hivyo mkulima wa viazi wa Uyole au wa mpunga wa Mbarali, anayejua ekari moja inakula mifuko mingapi ya mbolea, na hutamfafanulia zaidi. Dakika moja ya maelezo haya kwa maiki, kabla video haijaanza, ingefanya kazi kuliko matangazo yote.

Mapokeo ya benchini yamegawanyika, na kule Marekani yaligawanyika pia. Watazamaji milioni 133.5 ilikuwa rekodi wakati huo, lakini wapo waliosema hawakusikia neno hata moja, na wengine wakalalamika rasmi kwamba hakuna mcheza dansi mweupe. Hapa wakubwa wanamshangilia Serena Williams, yule bingwa wa tenisi, anapocheza dansi. Wengi hawajui kwamba alisemwa vibaya mwaka 2012 kwa kucheza mtindo huohuo Wimbledon, baada ya kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Vijana wanaisubiri bendera ya Sudan na Palestina waliyoiona kwenye vipande vya WhatsApp, na isipotokea wanadai video imekatwa. Haijakatwa. Mcheza dansi mmoja aliinyanyua bila kupangwa, kamera za matangazo hazikumfuata, na NFL ikamfungia kuingia viwanjani maisha.

Kwa wenye mabanda mengine, Iyunga hadi Uyole: msicheze video moja kwa moja kwa bando. Jioni mtandao unaelemewa, na picha ikiganda wakati bendera inapasuka hamna tena onyesho. Ipakueni asubuhi kupitia programu yenyewe ya kutazamia video kwenye simu, kisha unganisheni simu na projekta kwa waya. Ubora wa 720 unakula kama MB 250 na unatosha kwa kitambaa cha mita mbili. Wa 1080 unakaribia MB 400 au unazidi.

Banda hili linastahili nyota 3 kati ya 5. Nyota ya nne imepotea kwenye sabufa. Ya tano imepotea mwishoni kabisa: Kendrick anaigiza kuzima televisheni kwa rimoti, taa zinazimika, na majukwaani yanawaka maneno kwamba mchezo umekwisha. Kila mara, sekunde chache kabla ya maneno hayo, fundi anahamia kwenye chaneli ya mpira, na huko bado wanaonesha matangazo ya biashara.