Wanasesere wa Inspiring Women wa Barbie: tazama mkononi kabla ya usoni

Mattel, kampuni inayotengeneza Barbie, ilianza kutoa mfululizo wa Inspiring Women (yaani wanawake wanaotia moyo) mwaka 2018 kwa wanasesere watatu: rubani Amelia Earhart, mchoraji Frida Kahlo na mwanahisabati wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, Katherine Johnson. Kila mwaka wameongezwa wengine, na wengi wao ni Wamarekani. Ndani ya boksi kuna mwanasesere wa kimo kilekile cha Barbie, sentimita 29 hivi, stendi ya kumsimamishia, cheti, na maelezo mafupi ya maisha ya mhusika kwa Kiingereza.

Ukichagua kwa sura utakosea. Nyuso zote zimelainishwa. Makunyanzi, uchovu na ukali havimo. Kinachomtofautisha huyu na yule ni mavazi na kile alichoshika, na hapo ndipo mfululizo huu unapopanda na kushuka.

Aliyetengenezwa vizuri kuliko wote ni Ida B. Wells. Huyu alizaliwa utumwani Mississippi mwaka 1862, akawa mhariri, akaandika waziwazi jinsi watu weusi walivyokuwa wakiuawa na magenge bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1892 umati ulivamia na kuharibu ofisi ya gazeti lake mjini Memphis. Mwanasesere amevaa gauni refu la bluu na ameshika nakala ndogo ya gazeti hilohilo, Memphis Free Speech. Mtoto hahitaji kusukumwa: atauliza mwenyewe mama huyu ana gazeti gani. Ila kakaratasi hako kakipotea, na hupotea upesi, unabaki na bibi aliyevaa vizuri tu. Kahifadhiwe kwenye bahasha kila mchezo unapokwisha.

Jane Goodall anamfaa zaidi mtoto anayetaka kucheza, siyo kutazama tu. Ana daftari, darubini na sokwe wake, David Greybeard, mmoja wa wale aliowachunguza Gombe, Tanzania, kuanzia mwaka 1960. Mwanasesere mwenyewe ametengenezwa kwa plastiki iliyorejelezwa. Helen Keller, aliyepoteza kuona na kusikia akiwa na umri wa miezi 19 na bado akahitimu chuo cha Radcliffe mwaka 1904, ameshika kitabu chenye alama za breli. Usitarajie kuzisoma kwa kidole, ni za mfano tu. Bessie Coleman naye yuko sawa: suti ya urubani na kofia yenye herufi za jina lake. Inabidi mtu mzima aongeze kwamba leseni yake ya mwaka 1921 aliifuata Ufaransa, maana shule za urubani za Marekani zilimkataa.

Anayeangusha ni Rosa Parks. Tarehe 1 Desemba 1955, ndani ya basi mjini Montgomery, Marekani, ujasiri wake ulikuwa kubaki ameketi alipoamriwa ampishe abiria mzungu. Sasa boksi linakupa stendi ya kumsimamisha wima! Hakuna basi, hakuna hata kiti. Dawa yake ni rahisi: kata boksi la viatu, tengeneza viti viwili vinavyofuatana, umkalishe. Magoti yakikataa kukunjika, usiyalazimishe, maana mguu wa plastiki ukishapasuka haushikamani tena.

Kuna makosa mengine ambayo si ya kuvumilia kirahisi. Frida Kahlo alitoka na nyusi zilizopunguzwa, ilhali nyusi zilizokutana ndizo alizojichora nazo maisha yake yote. Jamaa zake walilalamika na mwaka huohuo wa 2018 mahakama ya Meksiko ikaamuru asiuzwe nchini humo. Wilma Mankiller, mwanamke aliyeliongoza taifa la Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, kuanzia mwaka 1985 hadi 1995, alitolewa mwaka 2023 katika boksi lenye kosa la maandishi ya lugha yake: alama zilichanganywa, na jina la taifa likasomeka "kuku". Msomaji mmoja wa lugha hiyo angetosha kuliona kosa hilo kabla halijafika kiwandani.

Kumtoa kwenye boksi kunataka subira. Mwili umefungwa kwa nyuzi za plastiki, na kichwani mara nyingi kuna vijiti vyembamba vilivyopita kwenye nywele hadi kwenye kadi. Usivute, nywele zitang'oka na mizizi yake. Geuza kadi, kata kwa nyuma kwa mkasi mdogo, ndipo umwondoe. Nywele zikichafuka tumia maji ya baridi na sabuni kidogo. Maji ya moto huharibu mtindo na haurudi. Nguo za rangi nzito zikikaa mwilini muda mrefu, hasa juani au penye joto, hutia doa ambalo halitoki. Viatu na vifaa vidogo viwekwe mbali na mtoto mdogo anayetia vitu mdomoni.

Anayenunua mkononi mwa mtu aombe picha ya vifaa vyote vikiwa vimetandazwa mezani, siyo ya uso peke yake. Kwa Wells ulizia gazeti, kwa Goodall ulizia sokwe na darubini, kwa Keller kitabu. Visipokuwepo, usikubali bei ya mzima.